Kulala Juu ya Mugumo: Nyumba ya Mtini Kule Nyandarua

Msomaji mpenzi, ukiambiwa kwamba kuna watu wanaotoka mjini kwa hiari yao, wakaenda kulala juu ya mti katikati ya msitu wenye ndovu na nyati, mahali pasipo na stima, maji ya bomba wala duka la kununua kiberiti, utasema nini? Wengi wetu tutasema kwamba hao ama wamepungukiwa na akili ama wamezidiwa na pesa. Subiri kwanza tulichambue jambo lenyewe. Ndani yake mna baiolojia, mna historia ya nchi yetu, na mna swali moja gumu kuhusu misitu ambalo nitalifikia baadaye.

Kulala juu si jambo geni kwetu. Kiswahili kina maneno mawili, ulingo na dungu, na yote mawili ni majina ya jukwaa linaloinuliwa shambani juu ya nguzo au matawi. Mtama au mpunga ukianza kutia punje, vijana walipanda huko kuamia ndege, kombeo mkononi na debe la kupigia kelele kando. Usiku wakabaki wakubwa kuwangoja nguruwe mwitu. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba nyumba ya mtini ni uvumbuzi wa watalii, mwambie akamwulize nyanya yake. Huko mbali pia, katika misitu ya Papua nchini Indonesia, kuna watu waitwao Wakorowai ambao wamejulikana kwa kujenga nyumba za kukaa juu ya miti, wao na watoto wao.

Hata hivyo, iko tofauti kubwa kati ya ulingo na nyumba ya mtini ninayoizungumzia. Mwenye ulingo hupanda ili awafukuze wanyama. Mgeni wa nyumba ya mtini hupanda ili wanyama wasikimbie wamwonapo. Kila kitu katika maisha ya huko juu, kuanzia taa mpaka choo, kinatokana na tofauti hiyo.

Mfano tulio nao karibu, na ambao umevuma hata ng'ambo, ni ule wa Treetops katika milima ya Nyandarua, si mbali na mji wa Nyeri. Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland, aliipitia milima hii mwaka 1884 akaiita Aberdare. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuiita Nyandarua, kwa kuwa umbo lake liliwakumbusha ngozi iliyowambwa ikauke. Mwaka 1932 Mwingereza mmoja, Eric Sherbrooke Walker, mwenye hoteli ya Outspan pale Nyeri, alijenga nyumba juu ya mugumo mkubwa kando ya dimbwi ambako wanyama walikuja kunywa maji na kulamba chumvi. Inasemekana kwamba mkewe ndiye aliyetamani nyumba ya namna hiyo, kama ile ya katika mchezo wa Peter Pan. Ilikuwa na vyumba viwili. Ndiyo, viwili tu!

Wageni hawakufikishwa mlangoni kwa gari. Gari liliachwa nyuma, wakatembea kwa miguu katika kijia cha msituni wakiongozwa na mwindaji mwenye bunduki. Kando ya kijia hicho miti kadha ilikuwa imepigiliwa vipande vya mbao viwe ngazi, ili nyati akitokea ghafla kila mtu aparamie mti ulio karibu naye. Hebu wafikirie mabibi na mabwana waliozoea kufunguliwa mlango wa gari, wakitembea huku wakihesabu ngazi iliyo mbele na iliyo nyuma! Wakifika kwenye mugumo walipanda ngazi ndefu nyembamba, na kutoka hapo hakuna aliyeshuka mpaka kuche.

Mugumo wenyewe ni mti wa ajabu. Aghalabu hauanzi maisha yake ardhini. Ndege hula tunda lake, akatua juu ya mti mwingine, na mbegu ikaanguka kwenye panda la tawi. Hapo huchipua na kuteremsha mizizi myembamba mpaka ikagusa udongo. Miaka ikipita mizizi ile hunenepa, ikaungana na kuuzingira ule mti uliouhifadhi, mpaka ukafa na kuoza ndani. Mgeni amekuwa mwenye nyumba. Kwa sababu ya kukua namna hiyo, mugumo mzee huwa na shina pana, mapanda mengi na mizizi inayosimama kama nguzo. Ukimpa fundi achague kati ya mugumo na mkaratusi uliosimama kama mwanajeshi wa gwaride, bila shaka atauchagua mugumo.

Lakini kwa Wagikuyu mugumo haukuwa mbao. Ulikuwa mti mtakatifu. Chini yake wazee walitoa sadaka na kumwomba Ngai wakiuelekea Mlima Kenya, yaani Kirinyaga, na mtu hakuthubutu kuutia shoka ati anatafuta kuni. Mti ambao wenyeji waliuogopa, mgeni aliupandishia vitanda. Sisemi zaidi.

Swali ambalo wengi hujiuliza ni hili: nyumba hukaaje juu ya mti ulio hai bila ya mti huo kufa? Tulifundishwa darasani kwamba chakula kinachotengenezwa na majani husafiri kwenda kwenye mizizi kupitia sehemu laini iliyo chini tu ya gamba. Basi ukilizungusha shina waya au kamba ngumu, mti unaponenepa unajinyonga wenyewe, kwani chakula hakipiti. Ndiyo maana mafundi wa siku hizi huona afadhali kupenyeza bolti chache nene kuliko kuufunga mti pingu au kuutoboatoboa kwa misumari mia. Jeraha moja mti utalizungushia mbao mpya uendelee na maisha yake. Mia hauziwezi.

Kisha kuna upepo. Mti huyumba, na miti miwili haiyumbi pamoja. Ukilaza boriti moja juu ya miti miwili na kuikaza barabara pande zote, siku ya dhoruba ama boriti itapasuka ama bolti itang'oka. Fundi mwerevu hukaza upande mmoja tu, na upande wa pili huacha boriti iteleze juu ya chuma. Kwa hiyo anayelala huko husikia nyumba ikilia kwa sauti ya mbao zinazosuguana usiku kucha. Ni dalili njema hiyo. Nyumba ya mtini isiyolia kabisa wakati wa upepo ndiyo ya kutiliwa shaka.

Je, nyumba haitapaa juu kadiri mti unavyorefuka? La hasha! Mti hurefuka kwenye ncha za matawi, na shina hunenepa tu. Msumari ulioupigilia usawa wa kifua chako ukiwa Kidato cha Kwanza, utaukuta palepale utakapokuwa babu. Utakayekuwa umeshuka ni wewe, kwa kibiongo.

Turudi kwa mgeni wetu aliyekwisha kupanda. Jua limetua, na huko msituni giza halibishi hodi. Hakuna swichi. Hapa ndipo sisi tuliozoea stima tungeona moto, au tuseme tungekosa kuuona. Taa iliyofaa zaidi kwa nyumba kama ile ilikuwa mbalamwezi yenyewe, kwani mwezi mpevu ukiangaza dimbwi, kifaru au ndovu huonekana vizuri naye asijue kwamba anatazamwa. Ndani ya nyumba, kandili iliyopunguzwa utambi inatosha. Koroboi haifai, kwa maana ni moto mtupu usio na kioo, na nyumba yote ni mbao kavu. Karabai nayo hutoa mwangaza mkali na hunguruma kama nyuki, na mnyama yeyote mwenye masikio atajua kwamba pana watu.

Chakula hakipikwi juu. Huja kimepikwa tayari, au hupikwa chini mapema kabla ya giza, na hufungiwa ndani kabisa. Nyani wa Nyandarua ni mafundi wa kuiba, na dirisha lililoachwa wazi kwao ni mwaliko. Maji ni ya mvua, yanayokingwa kwenye paa na kuingia katika pipa, au ni yale yaliyobebwa mgongoni. Ukibeba maji yako mwenyewe kwa mwendo wa saa nzima na kuyapandisha ngazi, utastaajabu jinsi mtu anavyoweza kuoga kwa kikombe kimoja. Kuhusu choo (najua mnangojea nifike hapo), katika nyumba za namna hii zilizo mbali na mabomba hutumiwa ndoo yenye kifuniko, na kila anayeitumia humwaga juu yake jivu au vumbi la mbao. Jivu hukausha, huua harufu na huzuia nzi. Asubuhi ndoo huteremshwa na uchafu ukafukiwa mbali na maji. Si jambo la kupendeza kulisoma kabla ya chakula cha mchana, lakini nyumba isiyo na jibu la swali hilo haikaliki siku mbili.

Jambo ninaloomba kila msomaji alishike ni la baridi. Treetops iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa huko hupenya blanketi. Katika baridi ya aina hiyo mtu hushawishika kuingiza jiko la makaa ndani na kufunga madirisha. Usithubutu, iwe mtini, bwenini au nyumbani kwenu. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu huanza kwa kuumwa na kichwa, akashikwa na usingizi, naye haamki tena. Watu wengi nchini mwetu wamepotea kwa njia hiyo. Afadhali sweta mbili, soksi, kofia ya sufu na mwenzako ubavuni.

Lakini gumu kuliko baridi ni kunyamaza. Huko juu watu hunong'ona, hutembea kwa soksi, na anayeshikwa na kikohozi huziba kinywa kwa mto. Ndovu ana masikio ya ajabu, na pua yake inazidi masikio. Manukato na sabuni ya kunukia huachwa nyumbani. Basi mtu aliyenyamaza ndipo anaposikia kumbe msitu haujalala. Kuna kishindo cha nyati wakiingia majini. Kuna fisi. Na kuna sauti moja inayowatoa wageni jasho usiku wa kwanza: inaanza kama mlango uliokosa mafuta, ikapanda, ikapanda, mpaka ikawa kilio cha mtu anayenyongwa. Mwenye sauti hiyo ni perere, yaani pimbi wa mitini, mnyama mdogo asiyepita ukubwa wa sungura, anayekula majani na asiyemdhuru mtu. Umbo dogo, kelele za shetani. Hapa shuleni tunao wa aina hiyo pia, ila sitawataja.

Katika nyumba hiyo ndimo alimolala binti mfalme Elizabeth wa Uingereza usiku wa tarehe 5 Februari 1952 kuamkia tarehe 6. Jim Corbett, mwindaji mashuhuri kutoka India aliyekuwa amehamia Nyeri katika uzee wake, alikesha juu ya ngazi na bunduki yake. Usiku ule ule mfalme George wa Sita alifariki usingizini huko Sandringham. Ndipo watu husema kwamba alipanda mti akiwa binti mfalme akashuka akiwa malkia. Maneno hayo ni ya kweli, ila wengi huongeza chumvi kwa kusema kwamba alipashwa habari akiwa huko juu mtini. Sivyo. Habari zilimfikia alasiri, alipokuwa amekwisha kurudi Sagana, katika nyumba ambayo baadaye ilikuja kuwa Ikulu ndogo ya Sagana. Kwa saa kadha alikuwa malkia asijue.

Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Maelfu ya wapiganaji wa Mau Mau waliingia msituni, wale wa Nyandarua wakiongozwa na Dedan Kimathi. Hao ndio ambao kwa maoni yangu waliujua msitu bila stima kuliko mtalii yeyote. Mgeni wa mtini alikaa usiku mmoja na asubuhi akaenda kunywa chai Nyeri. Hawa walikaa miaka. Moto waliuwasha kwa hadhari, kwa sababu mchana moshi huonekana na usiku mwangaza huonekana. Walijifunza kutambua kutokana na mlio wa ndege kwamba kuna mtu anakuja. Pua zao zilizoea msitu hivi kwamba harufu ya sabuni ya askari iliwafikia kabla ya askari mwenyewe. Kumbuka kwamba mgeni wa nyumba ya mtini alikatazwa sabuni ili asimtishe ndovu. Kanuni ni ile ile, lakini hapa aliyekosea alilipa kwa uhai wake.

Wageni walikoma kuja, na nyumba ya mtini ikawa kituo cha askari wa kikoloni cha kutazamia msitu. Mwaka 1954 wapiganaji waliiteketeza, mugumo na vyote. Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957 katika gereza la Kamiti. Mwaka huo huo wa 1957 Treetops mpya ilijengwa ng'ambo ya pili ya dimbwi lile lile.

Sasa nimefika kwenye lile swali gumu. Nyumba ya pili haikuwa kama ya kwanza. Ilisimama juu ya nguzo, miti michache ikipenya ndani kama pambo. Vyumba viliongezwa hadi vikafika kiasi cha hamsini. Palikuwa na stima, na taa ziliwashwa usiku kulimulika dimbwi pasipo kuungojea mwezi. Ili mgeni aliyelipa asikose kuona kitu, chumvi iliendelea kumwagwa kando ya maji. Ndovu walikuja. Na kwa kuwa maji na chumvi vilikuwa hapo kila siku, hawakuwa na sababu ya kwenda mbali. Ndovu mmoja mzima hula yapata kilo 150 za majani, matawi na maganda kwa siku. Akimaliza majani huchuna gamba la mti. Na mti uliochunwa gamba kuuzunguka wote unakufa, kwa sababu ile ile tuliyoiona ya waya: chakula hakishuki kwenye mizizi.

Linganisha picha. Za miaka ya mwanzo zinaonyesha msitu mnene uliofika karibu na ukingo wa dimbwi. Za miaka ya baadaye zinaonyesha hoteli ya mtini iliyosimama kwenye uwanja mkavu, tope, na visiki vyeupe. Mtu alilipa kulala juu ya miti, na miti yenyewe ikawa imekwisha.

Ni haki niseme kwamba lawama zote si za chumvi. Nyandarua imezungukwa na mashamba, na zamani ndovu waliweza kuvuka kwenda Mlima Kenya na kurudi, msitu ukapata nafasi ya kupumua. Makazi yalipoongezeka njia zile zilizibwa. Ua wa stima wa karibu kilomita 400 uliozungushiwa milima hii ulianza mwaka 1989 ukakamilika mwaka 2009. Umeyaokoa mahindi ya wakulima, umewapunguza wakata miti na wawindaji haramu, lakini pia umewafungia ndovu ndani na hesabu yao ya kilo 150. Walimu wetu wa Jiografia watanikubali nikisema kwamba jambo hili halihusu watalii peke yao. Mito inayoanzia Nyandarua huingia Tana, Athi, Ewaso Ng'iro na Ziwa Naivasha. Maji ya Nairobi, kupitia mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, yanatoka huko. Mkazi wa Eastleigh anayefungua bomba anakunywa msitu ule, ingawa hajawahi kuukanyaga.

Janga la korona lilipowazuia wageni kusafiri, Treetops ilifungwa mwaka 2021. Kwa maoni yangu nyumba ya vyumba viwili, ya kandili na mbalamwezi, ilikuwa na jambo moja ambalo ile ya vyumba hamsini haikuwa nalo. Ilikuwa tayari kumwambia mgeni, "Leo hutaona kitu," naye akaridhika. Usiku wa mawingu ulikuwa usiku wa mawingu. Mara tu mtu alipoahidiwa kwamba lazima aone ndovu, ilibidi ndovu aletwe, na aliyelipa gharama ya kumleta ni msitu.

Vijana kadha hapa shuleni wameniambia kwamba wakifaulu watajenga nyumba kama hizo katika misitu ya kwao, Kakamega au Mau, ili wajipatie riziki. Wazo zuri. Wachague mti usiokuwa mrefu kuliko wenzake, kwa ajili ya radi. Wasimwage chumvi. Wapime kwanza maji watakayoyatumia, na waulize wazee mti huo ni wa nini kabla ya kuutoboa.

Na atakayelala huko ajue la kufanya kukipambazuka. Jua la kwanza hugusa vilele kabla ya ardhi, hivyo wewe uliye juu utaona mchana wakati chini bado ni giza. Usidanganyike ukakimbilia ngazi. Nyati dume mzee hupenda kulala penye nyasi ndefu karibu na maji, na hukawia kuondoka. Tazama kwanza mbega na ndege wanafanya nini, sikiliza, kisha ngoja kama robo saa nyingine. Wa kwanza kushuka ni kiongozi mwenye bunduki, na wa pili ni mwenye zamu ya ndoo.